Mnazi wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Habari hii nilisimuliwa na Yusra, binti wa mdogo wangu Mishi, siku ya tatu ya Idi, uani kwangu Mwabungo. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi niliyoinunua dukani Ukunda, nazi yenyewe ndogo na kavu, imesafiri zaidi kuliko mimi. Yusra alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare ya uuguzi ikiwa bado mwilini. Aliniamkia, akakipindua kinu akakikalia, kisha akaitazama ile nazi mkononi mwangu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu.

Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba Jumanne iliyopita, watu wakiwa bado wamefunga, mbele ya baraza ya nyumba yake mpya liliegeshwa toroli lenye vidaka na vitale. Vyote vilikuwa vimekatwa vichanga, vikonyo bado vikitoa maji.

"Wanavipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Shimoni, mama mkubwa. Wana shimo lao la majani na taka."

Hapo niliacha kukuna. Mnazi huanza na kidaka, kitu kidogo kama ngumi ya mtoto. Kidaka kikijaliwa huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu likikomaa huwa koroma, na koroma ndilo huwa nazi. Karibu mwaka mzima mti huifanya kazi hiyo wala haumwombi mtu maji. Nimeona watu wakiiba nazi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu kwa sababu ya nazi. Sikupata kuona mtu akizikata changa akazitupa. Mwizi angalau ana njaa.

Lakini hasira yangu haikuanzia kwenye toroli, na anayenisoma itabidi anivumilie nirudi nyuma kidogo.

Bonde lile ambalo leo ni uwanja wa gofu lilikuwa la baba yetu, Dzombo. Chini palikuwa na tope la mpunga, wanawake wa kwetu wakiingia humo tangu mvua za kwanza, nguo zimefungwa magotini. Juu, kwenye mchanga, ilisimama minazi. Kila alipozaliwa mtoto, baba alichimba shimo, akazika kitovu chake, akapanda mche juu yake. Wangu ulikuwa wa kwanza, karibu na kisima. Wa Mishi ulikuwa wa tano, ukingoni mwa bonde, na ulipinda ungali mdogo kwa sababu Mishi hakukoma kuukalia. Mama alimfukuza, baba akasema mwacheni, ni wake. Basi ukakua na kiti chake, kimo cha goti la mtu mzima, ndipo ukanyooka kwenda juu.

Mwaka wa zile mvua kubwa za El Nino baba aliiuza ardhi. Alitaka kwenda Hija kabla miguu haijamwisha. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, mtu mzima wa makamo, na kama ilivyo desturi ya pwani hii, jambo la kwanza aliloliuliza, hata kabla ya mipaka, lilikuwa: na minazi? Baba akamjibu mbele ya mashahidi wawili kwamba yeye anauza udongo. Minazi si yake kuiuza, kila mmoja una mwenyewe. Yule bwana akasema hewala, wakapeana mikono. Karatasi iliandikwa baadaye na mtu mwingine, mjini, kwa Kiingereza, na mtu huyo hakumuuliza yeyote habari za minazi.

Kwa miaka mingi haikujalisha. Kila baada ya miezi mitatu tulikwenda na mkwezi wetu, tukaangua, tukampelekea mnunuzi madafu ya heshima, naye akashukuru. Alikuwa muungwana, Mungu amrehemu. Alipofariki, wanawe waliliuza bonde kwa kampuni. Kufikia wakati huo mashahidi wote wawili walikuwa chini ya ardhi.

Kampuni ilizungusha ukuta. Ililichimba bonde la mpunga, ikalitandika nailoni nyeusi kama mtu anayetandika kitanda, ikajaza maji, ikasema ni ziwa. Mnazi wangu uling'olewa siku ile ile kisima kilipofukiwa. Nilipokwenda ofisini kwao kulalamika, kijana mmoja alinisikiliza kwa adabu, akanipa na kiti, akaniambia kwamba mambo ya udongo kuwa wa huyu na mti kuwa wa yule ni masimulizi ya wazee. Kwa karatasi, alisema, kilichosimama juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, ni kitu kimoja hakigawanyiki. Nilimshukuru nikarudi nyumbani. Ni miaka tisa sasa. Lile neno nimelitunza kama nilivyolipokea.

Mishi hakwenda ofisini. Yeye aliapa kwamba hatakanyaga ndani ya ukuta ule, akahamia chumba changu cha nyuma, na tangu hapo usingizi wake ukawa wa kuombaomba. Mara nyingi nimeamka kwa ajili ya alfajiri nikamkuta kakaa kitandani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Yusra wakati huo alikuwa Muscat, muuguzi katika hospitali kubwa. Miaka kumi na moja. Hakujenga ghorofa kama wenzake wala hakununua gari. Alikuwa na nia moja tu, kumrudisha mama yake bondeni, na kwa kuwa ameishi kwa karatasi kule ugenini, karatasi ya kuingilia na karatasi ya kutokea, aliamini kwamba lililofungwa kwa karatasi hufunguliwa kwa karatasi. Aliporudi hakutuambia kitu. Alikwenda peke yake kwa wauzaji wa nyumba za gofu.

Aliyempokea aliitwa Farhan, kijana wa Mombasa, mzungumzaji laini, anayejua kumuuliza mtu hali yake, ya nyumbani, ya safari, mpaka mtu akasahau kwamba yuko dukani. Alimpakia kwenye kigari cha umeme, wakazunguka. Yusra aliuliza habari za maji. Akauliza habari za umeme, umbali wa msikiti, njia ya kufikia hospitali mama akiugua. Kisha wakakata kona, na pale kando ya ziwa, kwenye ua wa nyumba namba kumi na nne, akauona mnazi wenye kiti.

Alimwambia Farhan asimamishe. Akasema anaitaka hiyo.

"Una jicho zuri, dada," Farhan akamwambia. "Hiyo inatazama ziwa lote, hadi upande wa pili."

Yusra hakuwa akilitazama ziwa. Alitia sahihi siku ya tatu yake, na katika maswali yote aliyouliza halikuwamo lile moja. Na minazi? Mtu wa kijiji cha Mkongani anayenunua kijishamba cha kupanda muhogo hawezi kulisahau. Nilimuuliza, nikiwa nimekasirika naye pia, alikuwa amemezwa na nini hata asiulize.

"Nilidhani swali hilo limekufa, mama mkubwa," akanijibu. "Nilidhani kwao ni kitu kimoja hakigawanyiki. Si ndivyo walivyokujibu wewe?"

Ndivyo walivyonijibu.

Alipopata ufunguo ndipo alipomwambia mama yake, akamwonyesha picha ya mnazi kwenye simu. Mishi aliishika ile simu muda mrefu, kisha akaingia chumbani akafunga kanga zake na mkeka. Kiapo chake hakukitaja tena. Pale langoni askari alitoa daftari, akauliza kwa heshima, bi mkubwa ni mgeni wa nyumba gani.

"Andika kwamba nimerudi," Mishi akamwambia.

Askari akatafuta mahali pa kuliandika neno hilo, hakupata. Yusra akamnong'oneza, akaandika mgeni.

Walikaa wiki tano. Mishi alikuwa akitoka asubuhi na kikombe chake, anakaa kwenye kiti cha mnazi, ingawa magoti yalimpigia kelele wakati wa kuinuka. Alipapasa vile vidato vya kukwelea alivyovichonga baba kwa shoka lake. Lakini usingizi haukumjia hata huko. Alimwambia Yusra kwamba bonde hili lilikuwa na vyura hata watu wakashindwa kusikilizana, na sasa maji yote yale hayana hata mmoja. Alisema anakaa macho akisubiri hata chura mmoja aanze kulia. Yusra akamwambia atazoea. Akamwambia, na aliniambia mimi maneno haya akiwa ameinamisha kichwa, kwamba sasa ni petu, mama, ya nyuma tuyaache nyuma.

Kisha ikaja ile Jumanne. Yusra alikuwa amelala baada ya zamu, akaamshwa na vishindo. Alipofika barazani alimkuta mama yake amekwisha kaa kwenye kiti cha mnazi, mgongo wima, na kando yake toroli limejaa nusu. Juu kulikuwa na mtu. Upande mmoja wa mti ulikuwa umenyolewa hadi shingoni, mashada yote ya nazi yamekwisha, upande wa pili bado umejaa. Aliyekuwa juu ni Kavumbi, mwana wa yule mkwezi wetu wa zamani. Amevaa kofia ngumu ya kampuni na mkanda wenye vyuma.

"Shikamoo, Bi Mishi," sauti ilitoka juu makutini. "Nakuomba usogee hapo."

"Marahaba. Wafanya nini huko juu?"

"Nasafisha mti."

"Mti una uchafu gani?"

Kavumbi akajibu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa mbele ya mwalimu, "Nazi, mama."

Mishi aliitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilingojea neno hilo. Akamwambia kwamba baba yake, marehemu, aliukwea mnazi huu kabla yeye Mishi hajaolewa, kwa kitanzi cha miguu na bismillahi, na kila aliposhuka alishuka na nazi zake mbili za ukwezi, mkononi, mbele ya watu, asiombe wala asifiche.

"Wewe utashuka na nini?"

"Nitashuka na mshahara, Bi Mishi. Nina watoto wanne."

"Na mchuzi wao unauunga kwa kitu gani? Kwa toroli?"

Kavumbi hakuweza kukata kwa sababu ya mtu aliye chini, na hakuweza kushuka kwa sababu msimamizi wake alikuwa amesimama kando ya njia akimtazama. Akabaki pale juu amekumbatia mti. Kwenye baraza za jirani watu walikuwa wametoka na vikombe vyao vya kahawa. Mzee mmoja wa gofu alisimama na fimbo yake begani, akisubiri fujo iishe apige mpira wake.

Hapa Yusra aliokota kipande cha kifuu akakigeuzageuza. Alisema alishuka ngazi akamshika mama yake mkono, akamwomba aingie ndani. Alimwambia, mama, watu wanatutazama.

"Waache watazame," Mishi akamwambia. "Wamelipia mandhari."

Farhan aliletwa na kigari. Alikuja na kijitabu cha kanuni, kile ambacho kila mwenye nyumba hupewa pamoja na ufunguo na hakuna anayekisoma. Aliwapa pole kwa usumbufu. Alieleza kwamba nazi ni hatari, zinaweza kumwangukia mtu, na kuanzia mwezi huu kampuni itakuwa ikizikata zingali ndogo kwa usalama wa wote. Yusra akamwambia hataki zikatwe, mnazi uko ndani ya ua wake na yeye ndiye aliyenunua.

"Umenunua nyumba, dada, na udongo wake," Farhan alisema, akafungua ukurasa. "Miti ni ya kampuni. Iko hapa. Miti yote iliyo hai ndani ya mradi, hata iliyo ndani ya ua wa mwenye nyumba, ni mali ya kampuni. Udongo ni wako. Mti si wako."

Yusra alisema kwamba katika miaka yake yote hakupata kumsikia mama yake akicheka namna ile. Hakikuwa kicheko cha furaha wala cha kichaa. Kilitoka kifuani polepole, kama maji yanayotafuta njia chini ya mlango.

"Dada yangu alikuja ofisini kwenu na maneno hayo hayo," Mishi alimwambia Farhan. "Mkampa kiti, mkamwambia ni masimulizi ya wazee. Kumbe mlikuwa mnayanakili."

Farhan hakuelewa. Alikuwa mtoto wa shule wakati ule. Akaendelea na kazi yake, kwa upole uleule, akasema kwa kuwa wamekutana ni vizuri awaarifu jambo jingine mapema. Mnazi huu ni mkongwe na umepinda, uko kwenye orodha ya miti ya kuondolewa. Alhamisi baada ya sikukuu italetwa mashine. Wasihuzunike, watapandiwa mwingine wa mapambo, mzuri sana, umetoka nje.

"Unazaa nini?" Mishi akauliza.

"Hauzai kitu, bi mkubwa. Ndio uzuri wake."

Yusra aliniambia kwamba hadi dakika ile alikuwa akiona haya. Haya kwa majirani, haya kwa mama yake kukaa mtini kama mtoto, haya kwa sauti yake mwenyewe. Maneno yale yalipotoka, haya ikamtoka yote kwa mkupuo, na mahali pake pakaingia kitu kizito na baridi ambacho hakukijua jina, mpaka alipomtazama mama yake usoni akakitambua. Kumbe ndicho kilichokuwa kikimkalisha mama yake kitandani miaka yote ile, yeye akimwambia atazoea.

Hakupiga kelele. Alimwambia Farhan asome tena ule ukurasa. Farhan akausoma. Akamwambia asome tena. Farhan akausoma mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikuwa imepungua. Kisha Yusra akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kitabu."

Alikuwa na chake ndani, lakini alikitaka kile.

Siku ile alikisoma chote, mwanzo hadi mwisho, kama anavyosoma maelekezo ya dawa kabla ya kumdunga mgonjwa sindano. Alisoma habari za mbwa, za nguo kuanikwa barazani, za rangi ya mapazia. Karibu na mwisho, palipoandikwa mambo ya watunza bustani, akaona kwamba mti wowote ukitaka kupogolewa, kukwewa au kuondolewa, lazima duara la hatua kumi lizungushiwe utepe kwanza, na kwamba kazi haitaanza wala kuendelea maadamu kuna mtu ndani ya duara. Aliisoma sentensi ile akafunga kitabu. Akautoa mkeka wa mama yake, akaenda kuutandika chini ya mnazi, upande ule ambao ulikuwa bado na nazi.

Kesho yake Kavumbi alikuja kumalizia, akawakuta wamelala chali, mama na binti, wamefunga, macho juu. Akazungusha utepe wake. Akasoma kadi yake ya kazi aliyoivaa shingoni, iliyoandikwa kanuni ile ile. Akamwita msimamizi, msimamizi naye akaisoma, akampigia simu Farhan. Farhan alipofika alisema kwamba kanuni ile iliwekwa ili kuwalinda wakaazi.

"Basi tulindeni," Yusra akamwambia, akajigeuza upande wa pili.

Hivyo ndivyo walivyoumaliza mfungo. Mishi alikaa mchana, Yusra alikaa alipotoka kazini. Walifuturu pale kwa tende. Wali wa Idi waliula pale, juu ya mkeka, majirani wakipita na watoto wao kuelekea ziwani. Nami huku Mwabungo nilikuwa nimenuna, nikidhani nyumba mpya imewafanya wanisahau na sahani yangu ya Idi.

"Mama magoti yamevimba," Yusra alisema, sasa akiwa amesimama. "Hawezi tena peke yake asubuhi yote, na mimi nikitoka zamu nakuwa kama maiti. Alhamisi ni keshokutwa. Nimekuja kukuomba, mama mkubwa. Tunataka mtu wa tatu."

Nazi ya dukani niliiacha pale pale kwenye mbuzi, nusu imekunwa. Nilinawa mikono, nikajifunga kanga, tukapanda tuktuk.

Langoni askari alitoa daftari. Akaniuliza ni mgeni wa nani. Nikamwambia aandike kwamba nimekuja zamu. Aliniangalia, akamwangalia Yusra, akafunga daftari bila kuandika kitu, akafungua lango.

Sikuwa nimeingia mle tangu siku ya ofisi. Nyasi zilikuwa fupi kama nywele za askari. Nilitafuta mahali pa kisima, na mahali pa mnazi wangu, nikapajua kwa mwinuko wa ardhi tu. Pamechimbwa kitundu kidogo cha kuingizia mpira, na kando yake pamesimikwa kijibendera. Nilikitazama kile kijibendera mpaka Yusra akanishika kiwiko. Miaka tisa nimejiita mvumilivu na watu wakanisifu. Pale, mbele ya kile kitambaa kinachopepea, niliona kwamba nilikuwa nimekaa tu.

Mishi alikuwa mkekani, amenyoosha miguu. Mti juu yake ulikuwa na sura ya ajabu, nusu kipara, nusu umebeba.

"Umechelewa," akaniambia.

"Najua," nikasema, nikakaa.

Kavumbi alikuwa nje ya utepe, amekalia toroli lake alilolipindua, panga majani. Aliniamkia. Alisema ameambiwa asubiri, watu wakiondoka tu apande. Saa ngapi? Hakuambiwa saa. Mishi alimsikiliza, kisha akaingiza mkono nyuma ya mto wake akatoa nazi mbili, komavu, kahawia, zilizoanguka zenyewe alfajiri ile. Yusra alikuwa kazini zilipoanguka. Mishi alikuwa hapo hapo chini, na zilitua upande huu na upande huu wa mkeka. Baba alikuwa akituambia kwamba nazi huangalia kwanza ndipo ianguke. Farhan hakutuuliza habari hiyo.

"Mpe," Mishi akamwambia Yusra.

Yusra alitoka hadi kwenye utepe akampa Kavumbi zile nazi, moja moja, kwa mkono wa kulia, mbele ya watu. Kavumbi alizipokea. Alifungua mdomo, nadhani kusema kwamba hakukwea, hazimstahili. Badala yake alizipakata.

Jua lilipanda. Vigari vya umeme vilipita, vikapunguza mwendo, vikaenda. Mishi alikuwa akinisimulia kitu, sikumbuki nini, habari ya mpunga wa mwaka fulani, na katikati ya neno sauti yake ikakatika. Nilidhani anatafuta jina la mtu. Nilipomgeukia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono wake mmoja umekishika kile kiti cha mnazi kama anayeshika ukingo wa kitanda. Kwa miaka tisa sikupata kumwona akilala mchana, wala usiku sikumwona akilala hivyo. Sisi wengine tukanyamaza. Hata Kavumbi alijizuia kukohoa. Baadaye kidogo kofia yake ngumu iliinama mbele, taratibu, akasinzia naye juu ya toroli, nazi zikiwa mapajani.

Yusra alikuwa bado macho. Amelala chali kando ya mama yake na sare yake ya kazi, anazitazama zile nazi zilizobaki. Nilimwambia afumbe macho. Akasema hawezi. Kifua kinamwaka, alisema, na akifumba anamwona Farhan akisoma.

"Mama mkubwa, na Alhamisi wakija na mashine?"

"Watatukuta."

"Na Ijumaa?"

Nilivuta upindo wa kanga yangu nikamfunika miguu, maana siafu wa pale hawakung'olewa na mtu, wapo wale wale.

"Lala," nikamwambia. "Zamu ni yangu."

Alizitazama nazi tena, akanitazama mimi, mkono wake ukautafuta wa mama yake ukaupata, na macho yakamfumba kabla hajauliza jingine.